Skrubu Iliyobaki

4 Februari

Mpwa wangu Skrubu,

Nakusalimu wewe, mumeo, na hao pacha wenu ambao mara ya mwisho niliwakuta wakimpigisha paka wangu mswaki. Mimi ni mzima, magoti ndiyo yanalalamika. Dukani saa zote zinatembea vizuri, isipokuwa ile ya kwenye korido, ambayo tangu niinunue haijawahi kusema kweli hata siku moja, na bado naiheshimu kwa msimamo wake.

Jirani yangu mshonaji hajambo. Mdogo wangu, yaani mjomba wako Mwenyekiti, yeye hajambo kupita kiasi. Jumapili alikuja na futi, akapima meza yangu ya kazi urefu na upana, kisha akapiga magoti akapima mlango. Nikamuuliza, "Unataka kutoa meza au kunitoa mimi?" Akasema, "Kaka, ni mipango tu." Unamjua. Mtu aliyeongoza kamati ya maji, kamati ya makaburi, na kamati ya kuichunguza kamati ya makaburi, hawezi kuona mzee amekaa peke yake asimwitie kikao.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Nimekwenda kwa wakili. Anasema sheria inaniruhusu kuandika hati ya uwakilishi: namteua mtu mmoja wa kuniamulia mambo yangu yote, matibabu, nyumba, duka, hata nguo nitakazovaa, siku ambayo akili itanitoka. Lakini hati hiyo lazima niitie sahihi wakati akili bado ipo, na daktari athibitishe kwamba ipo. Nikichelewa, ndugu watakaa kikao wateue wao. Nani ataongoza kikao hicho, sina haja ya kukuambia. Tayari amenitengea chumba kwake, kinachopakana na televisheni, na saa zangu hazitakuja kwa sababu eti zinapiga kelele.

Nimekuteua wewe. Usiniulize kwa nini wewe, wala kwa nini sasa. Nijibu kwa barua. Simu yangu naiweka kwenye droo pamoja na saa zilizokufa, na huko imetulia.

Mjomba wako, Fundi


26 Februari

Shikamoo Mjomba,

Huku tuko salama. Mume wangu anakusalimu. Pacha wanamuulizia paka, na wanataka kujua kama meno yake bado ni meupe. Kazini wiki hii nilikaa saa tatu juu ya paa la lifti iliyokwama kati ya ghorofa ya nane na ya tisa, na chini yangu, ndani ya lifti, mkurugenzi wa jengo akinielekeza jinsi ya kuitengeneza. Sisi mafundi wa lifti tuna Wenyeviti wengi maishani.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Mjomba, mbona mimi? Yuko binamu yangu mwalimu, ana subira na mwandiko mzuri. Mimi niko mbali, kutwa nzima nina grisi mpaka kwenye nyusi, na wewe mwenyewe umeniita Skrubu tangu nina miaka tisa kwa sababu ya saa ya mteja niliyoivuruga. Mtu wa namna hiyo ndiye unayemkabidhi kichwa chako?

Lakini nimekubali. Nisingeweza kulala nikikufikiria kwenye hicho chumba cha televisheni. Ila niambie unataka nini hasa siku hiyo ikifika, maana sitaki kubahatisha. Umesema nisiulize kwa nini sasa, basi siulizi. Nauliza tu kama kuna kitu kimetokea.

Mpwa wako


15 Machi

Marahaba Skrubu,

Paka ana meno matatu, yote meupe. Mshonaji amenishonea shati jipya, mikono yake mirefu kupita yangu. Anasema nitakua.

Swali lako la mwisho nimeliona, nimelipita.

Unayotaka kuyajua ni haya. Saa zitiwe ufunguo kila Ijumaa asubuhi. Nisivishwe suti ya michezo, hata wakikuambia inafulika kwa urahisi. Nikigoma kuoga, niachwe siku moja, si mbili. Mwenyekiti asiruhusiwe kutoa hotuba kitandani kwangu wakati sina uwezo wa kukimbia. Nikianza kuwaita watu kwa majina ya marehemu, nisikosolewe. Kila mtu aitikie jina alilopewa na mambo yaendelee. Na siku ukinisikia nasema saa ya kwenye korido iko sahihi, basi jua nimekwisha, njoo na hati mkononi.

Sasa sikia ya daktari. Ni binti mdogo, koti lake jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Alinipa maneno matatu ya kukumbuka: ufunguo, ngazi, sabuni. Haya. Kisha akanipa karatasi. "Babu, nichoree saa, mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi." Skrubu, moyo wangu ulicheka. Miaka arobaini na sita nachungulia saa za watu, leo naombwa kuchora moja! Nikavaa lenzi yangu jichoni. Nikachora gurudumu kubwa, gurudumu la kati, springi, na zile skrubu tano za bamba, kisha mishale nikaipitisha kwa mistari ya nukta, kama inavyokaa upande wa pili. Nilitumia dakika ishirini na tano. Sijamaliza, naye ameshaanza kuandika kwenye faili.

Akauliza, "Namba ziko wapi, babu?" Nikamwambia ziko upande wa pili, hapa tuko nyuma ya saa. Akasema mishale yangu inaonyesha saa saba kasoro dakika kumi. Nikamwambia, "Kwako wewe, mama. Saa ikija mezani kwangu inalala kifudifudi, uso wake naja kuuona siku ya kumrudishia mwenyewe." Akaandika tena, safari hii mstari mrefu. Hati hakuitia sahihi. Nirudi baada ya miezi miwili nipimwe upya, na nikishindwa tena, hati imekufa.

Yale maneno yake matatu nilimtajia nikiwa mlangoni, bila kuulizwa: ufunguo, ngazi, sabuni.

Mjomba wako


2 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nimecheka mpaka mume wangu akaja mbio kuuliza nani amekufa. Kisha nikachora saa tano na dakika kumi kwa sabuni kwenye kioo cha dirisha, nikatoka nje, nikaitazama kwa nyuma. Ni saa saba kasoro dakika kumi kweli kweli. Hukukosea hata kidogo. Daktari angeigeuza ile karatasi akaiinua kwenye mwanga, angekupa cheti siku hiyo hiyo.

Lakini nakuomba, Mjomba, nakuomba sana: mwezi wa Mei chora kama watu wengine. Duara. Namba, moja mpaka kumi na mbili. Mishale miwili, kalamu chini, mikono mapajani. Usivae lenzi na usitie springi.

Mwenyekiti amenipigia simu. Wamekaa kikao cha dharura cha familia: yeye, mkewe, na mtu aliyekuja kurekebisha televisheni. Wamepitisha kwa kauli moja kwamba uhamie kwake mwezi wa sita. Nikamwambia kuna hati inaandikwa na mwakilishi ni mimi. Akauliza, "Na katibu ni nani?"

Maagizo yako nimeyanakili kwenye daftari langu la kazi. Suti ya michezo nimeipigia mstari mara mbili.

Mpwa wako


9 Aprili

Mpwa wangu Skrubu,

Uniwie radhi, sijakuandikia tangu ile barua ya Februari, na wewe sijui umenyamazia nini. Mimi ni mzima, magoti ndiyo yanalalamika. Paka ana meno matatu, yote meupe. Mshonaji amenishonea shati jipya, mikono yake mirefu kupita yangu. Anasema nitakua.

Sijakusimulia ya daktari. Kaa chini. Ni binti mdogo, koti lake jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Alinipa maneno matatu ya kukumbuka: ufunguo, ngazi, na la tatu lilikuwa neno la kawaida tu. Kisha akanipa karatasi. "Babu, nichoree saa." Mimi! Nikavaa lenzi jichoni, nikachora magurudumu yote, springi, na skrubu saba za bamba. Akauliza namba ziko wapi. Nikamwambia, "Mama, mgonjwa akiletwa kwako amelala kifudifudi, unaandika kwamba hana pua?" Alitazama dirishani, maskini.

Hati hakuitia sahihi. Nirudi mwezi wa Mei.

Nijibu upesi, maana hujaniambia kama umekubali.

Mjomba wako, Fundi


21 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Ndiyo, nimekubali. Nimekubali kabisa.

Hiyo ya pua imenivunja mbavu. Huku kazi imetubana. Lifti ya hospitali milango yake inafunguka kabla haijafika. Ya jengo la benki imebadilishwa kebo. Ya hoteli inasimama ghorofa ya tatu hata kama hakuna aliyeiita. Kuna nyingine ya mizigo inalia, tumeitia grisi, bado inalia. Ya maktaba imekaguliwa ikapita. Ile ya mkurugenzi imekwama tena, lakini safari hii alikuwa nje.

Pacha wazima. Mume wangu mzima. Hakuna jingine.

Mpwa wako


30 Aprili

Marahaba Skrubu,

Kwetu wote wazima, tufupishe salamu. Barua yako ina lifti sita, nimezihesabu. Tangu ukiwa mtoto, ukiwa na jambo unaongea vyuma. Mara ya mwisho ulipoongea vyuma kiasi hiki, ulikuwa umesimama mbele yangu mkono mmoja umeuficha nyuma ya mgongo.

Tena umeandika "hiyo ya pua." Nimeitazama sentensi hiyo siku tatu. Mtu husema hiyo ya pua kama kuna nyingine isiyo na pua. Ni ipi hiyo nyingine?

Mwenyekiti ameshaleta godoro nilijaribu, asije akaninunulia gumu. Tarehe kumi na nane nakwenda kwa daktari, na sitaki kuingia mle huku wewe unajua kitu juu yangu ambacho mimi sikijui. Usinizungushe. Nijibu.

Mjomba wako


9 Mei

Mjomba,

Hii ni mara ya nne naandika barua hii. Tatu nimezichana.

Ndani ya bahasha kuna barua zako mbili. Isome kwanza ya tarehe kumi na tano Machi, kisha ya tarehe tisa Aprili. Katikati yake nilikuandikia, nikakujibu, tukacheka. Shati ni lile lile, paka ni yule yule, daktari ni yule yule, na ya pili inasema hujaniandikia tangu Februari.

Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Daktari akijua, huenda asiitie hati sahihi, na chumba cha televisheni kinakusubiri. Nikajiambia nifunge mdomo mpaka tarehe kumi na nane ipite, uchore saa yako, tutie sahihi, mengine baadaye. Niliogopa pia kukuumiza, na hilo ndilo lililonilemea zaidi. Kisha nikafikiri: kama kazi hii naianza kwa kukuficha wewe mwenyewe kilichomo kichwani mwako, basi tofauti yangu na Mwenyekiti ni ile futi tu.

Unaweza kunifuta kwenye hati. Sitanuna. Lakini nakupenda Mjomba, na sikuweza kuendelea kukutumia lifti. Nimelia chini kwenye shimo la lifti ya maktaba, ambako sauti hupanda mpaka ghorofa ya juu kabisa, kwa hiyo wasomaji wote wamejua.

Mpwa wako


25 Mei

Skrubu,

Marahaba, ingawa safari hii shikamoo umeisahau. Sisi wote tunasahau.

Barua ulizonirudishia zilifika Jumatatu, kabla sijakwenda kwa daktari. Kwa mazoea nilizilaza mezani kifudifudi. Kisha nikazigeuza, nikazisoma moja baada ya nyingine na lenzi jichoni. Ile ya Machi naweza kula kiapo kwamba sikuiandika, ila mwandiko ni wangu na ubishi ni wangu. Nilikaa kwenye kiti mpaka chai ikapoa. Iliniuma, Skrubu, iliniuma sana. Halafu nikazisoma tena, na lazima tuseme haki: ya pili ni nzuri zaidi. Machi haikuwa na pua. Nikiendelea kupotea kwa mwendo huu, kufikia Desemba hadithi hiyo itakuwa tamu kupita kiasi.

Tarehe kumi na nane nilikwenda na barua zote mbili. Nilimwekea daktari mezani kabla hajanipa maneno yake matatu. Nikamwambia, "Soma hizi kwanza. Huu ndio mtihani wangu." Akasoma polepole. Alipofika kwenye pua alifunika mdomo akacheka, kisha akaniambia kwa upole kwamba siku ile sikumwambia neno lolote juu ya pua. Basi nimelibuni njiani. Akauliza, "Babu, hati hii ni ya nini?" Nikamjibu ni ya siku ambayo sitajua ni ya nini. Akauliza inampa nani mamlaka. Nikasema mpwa wangu, binti wa dada yangu, fundi wa lifti. Akauliza kwa nini yeye na si mdogo wangu. Hapo nikamsimulia ile skrubu, na sasa nakusimulia na wewe, maana naona miaka yote hii umeielewa kinyume.

Ulikuwa na miaka tisa. Nilitoka kwenda kumpelekea mteja mkanda wa saa, na wewe ukafungua saa ya meza ya mtu, ukaitawanya yote, ukaifunga tena. Na ilikuwa inatembea! Niliporudi niliisikia, nisingejua kitu mpaka kesho kutwa. Ukaja mbele yangu mkono nyuma ya mgongo, ukanieleza habari za magurudumu na springi mpaka nikachoka, kisha ukafungua kiganja. "Mjomba, hii imebaki."

Nimefundisha mafundi kumi na mmoja. Wote, skrubu ikibaki, huitupa kwenye kopo. Saa si inatembea, nani atajua? Wewe tu ndiye uliyeniletea. Sikukupa jina lile kukusuta. Kila nilipokuita nilikuwa nakiona kile kiganja kidogo, kimejaa mafuta. Sasa umekifungua tena, na safari hii saa yenyewe ni mimi. Nilimwambia daktari hivyo hivyo, akavua miwani akaifuta.

Alitia sahihi. Akasema mtu anayejua kwamba anasahau, na anajua amepanga nini na kwa nini, huyo anaielewa karatasi anayoiandika. Ila nirudi kwake kila baada ya miezi mitatu. Wakili ameweka muhuri, mshonaji ameshuhudia. Imebaki sahihi yako wewe, pale nilipoweka alama ya penseli. Nilimchorea saa pia, kwa heshima, kutoka mbele. Ina namba zote kumi na mbili. Ni mbaya sana.

Mwenyekiti nilimsomea hati yote. Alisikiliza amesimama wima, kisha akaomba walau awe mjumbe. Nikamwonea huruma, nikampa kazi ya kutia saa ufunguo kila Ijumaa, siku mikono yangu itakapokataa. Ameshaunda kamati. Godoro amelichukua paka.

Uliniuliza mwezi wa Februari kama kuna kitu kimetokea, nami nikapita. Kimetokea. Januari nilifungua saa ya mama mmoja muuza maziwa, nikashika kibano, nikakaa nakitazama sijui ni cha kazi gani. Labda dakika moja. Labda zaidi, duka zima la saa na sikukumbuka kutazama hata moja. Kisha mkono ukakumbuka wenyewe, nikaendelea na kazi. Sikumwambia mtu. Niliogopa, Skrubu, na bado naogopa, lakini sasa tunaogopa wawili na chakula kinashuka vizuri.

Nikikuandikia haya tena mwezi ujao kama mapya, nirudishie. Usinionee huruma, tia kwenye bahasha tu. Saa ya kwenye korido hivi sasa inasema ni saa kumi na moja, na ni uongo mtupu, kwa hiyo bado nipo.

Wasalimie pacha. Waje wampigishe paka mswaki.

Mjomba wako, Fundi

Lile neno la tatu ni sabuni. Nisikudanganye, nimelisoma kwenye barua uliyonirudishia.